Kinga za nakala kwenye geimu za kompyuta: maswali tunayoulizwa kaunta

Ukurasa huu ni wa wateja wetu wa Mombasa: vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanaocheza geimu kwenye laptopu, wazazi wanaolipia, na wenye saiba wanaotuletea mashine zao. Maswali tumeyaandika kama yanavyoulizwa. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: aliyetengeneza geimu ana haki ya kulinda jasho lake, lakini aliyelipa hastahili kuteswa kuliko aliyeiba. Na kwetu sisi, kwenye bando za kupimwa, stima ya kupotea na mashine za mitumba, mateso hayo huwa makali zaidi.

Fundi, kinga ya nakala ni nini hasa?

Ni programu inayokuja pamoja na geimu ili kuzuia geimu isinakiliwe na kugawiwa bure. Zamani ilikuwa kazi nyepesi: geimu inaangalia kama diski yake halisi imo kwenye mashine, au inakudai namba ndefu iliyochapishwa kwenye kasha, basi. Siku hizi nyingi huiuliza seva iliyo nje ya nchi kama wewe ndiye mnunuzi, na nyingine huuliza tena na tena. Kwenye kurasa za mauzo utaona zimeitwa DRM.

Ana ndugu yake wa karibu, kinga ya udanganyifu, inayowazuia wachezaji wa mtandaoni kuiba ushindi. Kazi yake ni nyingine, ila huingia kwenye mashine kwa njia ile ile, na wateja wengi huuliza zote mbili kwa pamoja. Tumezijibu pamoja.

Diski yangu ni halisi, haina hata mkwaruzo. Mbona haifunguki kwenye Windows 10?

Diski haina kosa, na hukuuziwa feki. Geimu nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 mpaka 2008 hivi zilifungwa kwa kinga ziitwazo SafeDisc au SecuROM. SafeDisc ilitegemea faili dogo liitwalo secdrv.sys, lililokuwa ndani ya Windows yenyewe. Mwaka 2007 faili hilo likagundulika lina tundu: mtu mwenye akaunti ya kawaida aliweza kulitumia kujipa mamlaka yote ya mashine, na wahalifu walishaanza kulitumia kabla Microsoft haijatoa kiraka Desemba mwaka huo. Windows 10 ilipotoka 2015, Microsoft iliamua kutolibeba tena. Septemba mwaka huo huo sasisho la usalama likalizima hata kwenye Windows 7 na 8.

Kwa hiyo walioathirika kwanza na kinga hiyo ni watu walionunua. Aliyekuwa na nakala ya wizi, iliyotolewa kinga, geimu yake inafunguka mpaka leo.

Jaribu kuitafuta geimu hiyo kwenye duka la mtandaoni la GOG, ambalo tangu 2008 linauza geimu za zamani bila kinga yoyote. Geimu chache zilitolewa kiraka rasmi na watengenezaji wenyewe. Lakini fundi akikwambia atakuwashia tena secdrv kwenye mashine unayoingilia benki au eCitizen, mkatalie.

Ubaya uko wapi kinga ikiingia ndani kabisa ya Windows?

Hili ndilo tunalolijali kuliko yote, kwa hivyo jibu ni refu.

Programu ya kawaida, kama kivinjari au ile ya kuandikia barua, ikikosea hufa peke yake na mashine ikaendelea. Draiva, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows, sehemu inayotawala mashine nzima, haina mipaka hiyo. Inaona kumbukumbu yote ya mashine, inaweza kuzima programu nyingine ikiwemo kinga ya virusi, na ikikosea mashine nzima huanguka kwa skrini ya buluu. Dunia iliona ukubwa wa jambo hili tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike lilipoangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Hiyo ni kampuni ya usalama, haihusiki na geimu, lakini programu yake ilikaa pale pale zinapokaa kinga nyingi za geimu.

Waliocheza miaka ya 2000 wanaikumbuka StarForce ya Urusi. Ilipachika draiva zake bila kumweleza mtu sawasawa, na malalamiko ya mashine kuanguka na visomaji vya CD kusumbua yakawa mengi mpaka Ubisoft ikaacha kuitumia Aprili 2006. Miezi michache kabla ya hapo, mwisho wa Oktoba 2005, mtaalamu Mark Russinovich alikuwa ameonyesha kwamba CD za muziki za Sony BMG zilipachika programu iliyojificha ndani ya Windows. Ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na alama $sys$, na waandishi wa virusi hawakukawia kulitumia ficho hilo hilo kwa faida yao. Kampuni ikalazimika kuziondoa CD hizo sokoni. Huo ulikuwa muziki, ila funzo lake ni la geimu pia: mlango unaomfungulia mwenye mali, mwizi naye anaupita.

Asiyeamini atazame yaliyotokea Agosti 2022. Kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza jinsi wahalifu walivyoichukua draiva ya kuzuia udanganyifu ya geimu ya Genshin Impact, faili mhyprot2.sys, wakaipachika kwenye mashine za watu. Windows iliiamini kwa sababu ilikuwa na saini halali. Wakaitumia kuua kinga ya virusi, kisha wakafunga mafaili ya wenyewe na kudai fidia. Na mashine hizo hazikuhitaji kuwa na Genshin Impact! Yaani draiva iliyoandikwa kwa ajili ya wachezaji ilimuumiza hata mhasibu ambaye hajawahi kugusa geimu maishani mwake.

Sauti za wachezaji husikika wakati mwingine. Mei 2020, geimu ya Doom Eternal iliongezewa kinga ya udanganyifu ya Denuvo, watu wanaotengeneza pia kinga ya nakala, miezi miwili baada ya watu kuinunua, na kelele zilizopigwa ziliifanya iondolewe mwezi huo huo.

Kwa maoni yetu, geimu ya mtu mmoja anayecheza peke yake chumbani haina sababu yoyote ya kuingia kwenye kiini. Geimu za mashindano mtandaoni zina sababu, maana matapeli nao huingia huko huko. Hata hivyo mnunuzi aambiwe waziwazi kabla hajalipa, na akiiondoa geimu, draiva nayo iondoke.

Nitajuaje kama mashine yangu ina kitu kama hicho?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Upande wa kushoto fungua Software Environment, halafu System Drivers. Utaona orodha ndefu ya draiva, safu moja ikionyesha kama inafanya kazi sasa hivi au imelala. Usishtuke na wingi wake, nyingi ni za Windows yenyewe. Bonyeza kichwa cha safu ya majina ili zijipange kwa alfabeti, utafute hizi: secdrv ni SafeDisc, zinazoanza na sfdrv au sfhlp ni StarForce, vgk ni Vanguard ya Valorant, BEDaisy ni BattlEye, mhyprot ni ile ya Genshin. Jina la EasyAntiCheat linajieleza.

Kuna laptopu ya mwanafunzi wa chuo iliyoletwa hapa ikiwa inajizima kila akitia DVD. Geimu zote alikuwa ameshafuta. Kwenye orodha hii tukakuta draiva ya geimu moja ya zamani bado inaamka kila mashine ikiwashwa, na ndiyo iliyokuwa ikigombana na kisomaji cha DVD. Hakuna aliyemwambia kuwa ipo, na kuifuta geimu hakukuigusa.

Ukiiona draiva usiyoitaka, usilifute faili kwa mkono kule System32, mashine inaweza kugoma kuwaka. Angalia kwanza kwenye orodha ya programu zilizopakiwa: Vanguard, kwa mfano, ina mahali pake pa kuondolewa, mbali na geimu. Ikishindikana, ilete.

Mtandao ukikatika, geimu niliyolipia itafunguka?

Inategemea geimu, na Mombasa swali hili si la kinadharia. Nyaya za baharini za TEAMS, SEACOM na EASSy zinatia mguu nchi kavu hapa hapa kwetu, lakini kuwa jirani na waya hakujatuponya. Februari 2012 meli iliyotia nanga pasiporuhusiwa nje ya bandari yetu iliikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya nzima ikatambaa. Stima nayo ilipotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, kisha tena Novemba na Desemba mwaka huo. Siku kama hizo laptopu ina betri, mtu ana muda, na kitu pekee kinachokosekana ni waifai.

Geimu inayodai mtandao kila wakati haijali hayo. Mwaka 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II na Silent Hunter 5 kwa kompyuta zikiwa na sharti la kuunganishwa muda wote, ingawa unacheza peke yako. Mtandao ukiyumba, geimu inasimama. Machi mwaka huo seva zao zikashambuliwa, na wateja waliolipa wakafungiwa nje ya geimu zao wenyewe. Mei 2012 wanunuzi wa Diablo III walikaa wakitazama ujumbe wa Error 37 kwa sababu seva zilielemewa. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity ya EA. Seva zilishindwa vibaya mpaka kampuni ikawapa wanunuzi geimu nyingine bure kama pole, na mwaka mmoja baadaye ikatoa sasisho la kuicheza bila mtandao. Kumbe iliwezekana!

Ukitumia Steam, duka kubwa la geimu la mtandaoni, fanya hivi bando likiwa bado lipo. Ingia kwenye akaunti na uiache ikumbuke nywila. Acha geimu imalize masasisho yote, kisha ifungue mara moja mpaka ufike kwenye menyu yake na uifunge. Ndipo uchague Go Offline kwenye menyu ya Steam. Baada ya hapo zima waifai na ujaribu kuifungua ukiwa bado na njia ya kurudi mtandaoni. Wengi hugundua kuwa hawakukamilisha hatua ya kuifungua mara moja wakiwa tayari wako kijijini Kwale au Malindi, hawana la kufanya. Geimu za GOG hazihitaji lolote katika hayo: unapakua kifurushi cha kuiwekea, unakihifadhi kwenye flashi au diski ya nje, kazi imekwisha.

Niliformati laptopu, sasa naambiwa nimemaliza idadi ya mashine. Mashine ni hii hii moja!

Unajua wewe na tunajua sisi, ila kinga haijui. Inaitambua mashine kwa vipande vyake: ubao mkuu, prosesa, diski, wakati mwingine na toleo la Windows. Ukibadilisha kimoja, au ukiformati, inaweza kuhesabu kwamba hiyo ni mashine mpya. Mtu wa London mwenye kompyuta mpya ataishi miaka bila kukutana na shida hii. Sisi tunaonunua mitumba ya Uingereza, tunabadilisha diski ikianza kulia, na tunaformati kila virusi wakizidi, tunaimaliza hesabu upesi.

Mwaka 2007 BioShock ilianza kwa kuruhusu mara mbili tu kabla ya kelele kuipandisha hadi tano. Spore, Septemba 2008, ilikuja na ruhusa ya mashine tatu. Wanunuzi wakaijaza Amazon maoni ya nyota moja, kesi ikafunguliwa Marekani, na EA ikapandisha hadi tano kisha ikatoa programu ya kurudisha kibali. Na pamoja na kufuli lote hilo, tovuti ya TorrentFreak iliitaja kuwa geimu iliyopakuliwa kwa wizi kuliko zote mwaka huo, mara milioni 1.7. Waliobanwa ni walionunua peke yao.

Kinga za nakala za Denuvo za leo kwa kawaida huruhusu mashine tano tofauti kwa siku moja, kwa hivyo ukipigwa kufuli, subiri saa 24 ujaribu tena kabla hujagombana na mtu. Mwenye saiba anayeizungusha akaunti moja kwenye mashine nyingi ndiye hunaswa zaidi. Kwa geimu za zamani, kabla ya kuformati tafuta ndani ya geimu sehemu ya kurudisha kibali. Ikiwa mambo yameshaharibika, waandikie wahudumu wa geimu ukiambatanisha risiti. Huwa wanaifuta hesabu, ila kwa kuchelewa.

Ni kweli Denuvo inapunguza kasi ya mashine?

Wakati mwingine, na inategemea ilivyofungwa. Denuvo ni ya Salzburg, Austria, ilianza kuonekana na FIFA 15 mwaka 2014, na tangu 2018 ni mali ya Irdeto. Kinga yake ya nakala haikai kwenye kiini kama zile draiva; inajifuma ndani ya geimu yenyewe na kukagua mambo geimu ikiendelea. Ikikagua mahali pasipo na haraka, hutahisi kitu. Ikikagua katikati ya pambano, picha inashtuka.

Mfano ulio wazi ni Resident Evil Village ya 2021. Toleo la wizi lilikuwa laini kuliko la waliolipa, kwa sababu kinga ilikwamisha picha kila adui fulani alipopigwa. Capcom walitoa kiraka Julai na tatizo likatulia. Mwaka 2018 Katsuhiro Harada, mtengenezaji wa Tekken 7, naye alieleza hadharani kwamba kinga ndiyo iliyokuwa inashusha kasi kwenye mapigo fulani. Prosesa yenye nguvu huyameza mengi ya haya. Prosesa ya mitumba yenye koo (core) mbili, inayopumua kwa shida hata bila kinga, haiyamezi.

Mwanangu anasema laptopu niliyomnunulia ni mbovu kwa sababu geimu inaikataa. Nimetapeliwa?

Hapana mama, hukutapeliwa. Mara nyingi geimu yenyewe ni Valorant. Kinga yake, Vanguard, huanza kazi tangu mashine inapowashwa, na kwenye Windows 11 hudai vitu viwili: TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama kwenye mashine, na Secure Boot, inayokagua kwamba Windows haijachezewa mashine inapowaka, iwe imewashwa. Battlefield 6 ya 2025 nayo inadai Secure Boot. Laptopu nyingi za kabla ya 2016 hazina TPM 2.0, au zinayo lakini imezimwa. Kwa kusoma, kuandika na kutuma kazi za shule, mashine ni nzima kabisa.

Kuangalia ni rahisi: kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, na toleo litaonekana chini upande wa kulia. Ikiwa ipo ila imelala, huwashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Kabla ya kugusa huko, hakikisha mna ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, la sivyo mafaili yote yanaweza kufungwa kwa sababu ya geimu moja. Na ukija kununua laptopu nyingine, mwambie muuzaji akufungulie tpm.msc mbele yako.

Kama waliolipa ndio wanaosumbuliwa, si nichukue tu ya kukrakiwa kwenye flashi?

Tunaelewa kwa nini barobaro anasema hivyo, na hasira yake ina msingi. Lakini hatuuzi wala hatuweki geimu za kukrakiwa, na sababu ya kwanza tunaiona mezani kila siku. Geimu hiyo huja na maelekezo ya kuzima kinga ya virusi kwanza, na hapo ndipo unapomkaribisha mgeni usiyemjua. Juni 2021 kampuni ya kinga ya virusi ya Avast ilieleza virusi vilivyoitwa Crackonosh, vilivyosambaa ndani ya geimu za namna hii: viliizima kinga ya virusi, vikaitumia mashine kuchimba sarafu ya Monero, vikaingia kwenye mashine zaidi ya 222,000 na kuwaingizia wenyewe zaidi ya dola milioni 2. Dalili zake ni feni inayolia usiku kucha na bili ya stima inayopanda bila sababu.

Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kunakili bila ruhusa, na inakataza pia kuzivunja kinga zenyewe. Ya tatu ni kwamba kuna vijana wa Kenya wanaotengeneza geimu, nao wanahitaji kula.

Kampuni ikifunga seva, geimu yangu inakwenda wapi?

Inakwenda nazo, ikiwa ilizitegemea. The Crew ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014. Seva zake zilifungwa tarehe 31 Machi 2024, na hata sehemu ya kucheza peke yako ikafa, kisha vibali vikaondolewa kwenye akaunti za watu. Mtu aliyehifadhi diski yake kwa uangalifu miaka yote hiyo hana cha kufungua.

Kutokana na hilo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 1 kufikia Julai 2025. Wanachoomba ni kidogo na cha haki: mkifunga seva, iacheni geimu katika hali inayoweza kuchezeka. Marekani tangu 2015 kuna ruhusa maalumu ya kuvunja kinga ya geimu ambayo seva yake ya uhakiki imefungwa, ili mwenye nakala halali aicheze peke yake. California nayo ina sheria, iliyoanza 2025, inayolazimisha maduka ya kidijitali kumwambia mnunuzi kwamba anapata kibali cha kutumia na si umiliki. Sheria yetu haijafika hapo, na tungependa ifike.

Kumbuka pia kuwa duka lenyewe huweza kukuacha nyuma. Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024, na mashine za namna hiyo bado ni tele hapa mjini.

Lakini si lazima wajilinde? Kinga hizi zinawasaidia?

Zinasaidia, kwa muda. Utafiti wa William Volckmann uliochapishwa kwenye jarida la Entertainment Computing ulizipima geimu zenye Denuvo kwenye Steam na kukuta kwamba kinga ikivunjwa mapema sana, mapato hushuka kwa wastani wa karibu asilimia 20. Hiyo si hela ya mchezo na hatuwezi kuwabeza. Utafiti huo huo ulikuta kinga ikidumu wiki 12 za mwanzo, kuvunjwa baada ya hapo hakuwapunguzii mapato.

Basi wiki hizo zikipita, iondoeni. Wapo waliofanya hivyo: Doom ya 2016 ilitoka Mei, na Desemba Denuvo ikatolewa. Upande wa pili, The Witcher 3 ilitoka 2015 bila kinga yoyote kwenye GOG tangu siku ya kwanza, na ikauza mamilioni kwa mamilioni.

Niangalie nini kabla ya kulipa?

Kwenye ukurasa wa geimu huko Steam, upande wa kulia, kuna kisanduku kinachotaja kinga ya kampuni nyingine, akaunti ya ziada inayotakiwa na idadi ya mashine. Tangu mwisho wa 2024 Steam inawataka watengenezaji watangaze pia kinga ya udanganyifu inayokaa kwenye kiini. Kisome kisanduku hicho kabla ya picha na kabla ya bei. Tovuti ya PCGamingWiki nayo hueleza kwa kila geimu kinga gani imo na inafungukaje bila mtandao.

Ikiwa geimu hiyo hiyo ipo GOG, chukua ya GOG. Malipo ya kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay yanawafaa wengi wasio na kadi ya benki. Hifadhi ile barua pepe ya risiti.

Na ukishalipa, ijaribu upesi. Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa 2, GOG ndani ya siku 30. Tumeona watu wengi wakiacha geimu ikae mpaka likizo ya Desemba, wanagundua inagoma, na dirisha limeshafungwa.

Nikitaka kulalamika, niende wapi?

Anza na duka lililokuuzia, kwa maandishi. Sema mashine yako ni ipi, ujumbe uliotokea neno kwa neno, na uambatanishe picha ya skrini. Barua ya hasira isiyo na maelezo hujibiwa na mashine.

Kama shida ni taarifa zako, yaani unaamini kinga inakusanya yasiyoihusu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuiuliza kampuni inashikilia nini juu yako, na ukipuuzwa unaweza kupeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data bila kumlipa wakili. Kwa bidhaa isiyofanya kazi kama ilivyoahidiwa, ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012, na Katiba yenyewe, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa taarifa za kutosha juu ya anachonunua. Kampuni ya ng'ambo haitatetemeka kwa barua moja kutoka Mombasa, ila lalamiko lililosajiliwa hubaki kwenye kumbukumbu, na mengi yakifanana hupata nguvu.

Ukitaka tukusaidie kuliandika, njoo na laptopu, chaja yake na risiti. Nywila ya akaunti yako usitupe, utaiandika mwenyewe.